Jinsi ya kufanya onyo la kerneli ya Linux liache dampu kamili badala ya kupita kimya

Wadau wa seva wa Arusha na Moshi, na popote mlipo, leo naandika kuhusu kitu ambacho naona wengi wanakipuuza mpaka siku mambo yameshaharibika. Naongelea yale maonyo ya kerneli (kile kiini cha Linux kinachosimamia hadwea na programu zote), ile mistari inayoanza na "cut here" kwenye dmesg (logi ya kerneli) halafu inafuata orodha ndefu ya majina ya fankisheni na namba za heksa, mtu akiiona anasema aah, mashine si bado inapiga kazi, anafunga dirisha anaendelea na shughuli zake. Shida ni kwamba onyo la namna hiyo maana yake kerneli imekutana na hali ambayo aliyeandika ile kodi aliamini haitatokea kamwe, na kuanzia hapo inaendelea kutembea na data ambayo huenda imeshavurugika. Seva inaweza kudumu saa moja, inaweza kudumu wiki, halafu inaganda usiku wa manane wakati mgeni yuko kwao huko anajaribu kulipia safari ya Ngorongoro, na asubuhi ukija kutafuta chanzo hukioni, kwa sababu chanzo kilipita siku ile ya onyo na wewe unachokiona leo ni matokeo tu. Ni kama ajali pale Kijenge, magari yakishasogezwa kabla trafiki hajapima, hamna tena wa kujua nani alimfuata nani.

Kwa hiyo tunachotaka ni hiki: onyo likitokea, kerneli isimame palepale, imwage ramu yake kwenye faili, ijiwashe upya, halafu sisi tukae na lile faili kwa utulivu tuangalie kila kitu kilivyokuwa kwenye sekunde ile. Linux inaweza kufanya hivyo na setingi yenyewe ni ya mstari mmoja. Kazi iko kwenye mpangilio, nini kitangulie na nini kifuate, na hapo ndipo nitakaa sana leo.

Onyo lipi hasa

Tuelewane kwanza hapa maana watu wanachanganya. Sio kila mstari wa njano kwenye dmesg ndio ninaousema. Draiva zinaandika tahadhari kibao, ACPI (sehemu inayosimamia umeme na mipangilio ya hadwea) inalalamika kwenye mashine nyingi tu kila zikiwaka, na hizo hazitasimamisha chochote hata ufanyeje. Ninaloongelea ni lile linalotoka kwenye makro za familia ya WARN, yaani WARN, WARN_ON, WARN_ONCE na WARN_ON_ONCE, na utalitambua kwa kile kichwa chake cha "cut here" na mkia wake wa "end trace". Kujua kama mashine yako imewahi kulitoa, hata kabla ya kuwashwa mara ya mwisho, kama jono yako (logi ya systemd) inahifadhiwa kwenye diski:

```
journalctl _TRANSPORT=kernel -g 'cut here'
```

Kama logi zimeshafutika bado kuna alama nyingine, kerneli inajiwekea doa. Faili la /proc/sys/kernel/tainted lina namba ambayo ni jumla ya biti kadhaa, na biti ya onyo ni 512, kwa hiyo piga hii:

```
echo $(( $(cat /proc/sys/kernel/tainted) & 512 ))
```

Ikijibu 512, ujue tangu mashine iwake imeshatoa onyo angalau moja. Ikijibu 0 bado iko safi kwa upande huo.

Na kuna jambo moja la muhimu sana kuhusu zile zenye ONCE kwenye jina, hizo zinaongea mara moja tu tangu mashine iwake, zikishasema zinanyamaza mpaka utakaporebuti. Sasa we unawasha mtego leo wakati onyo lilishatoka juzi, utakaa mwezi mzima unasubiri kitu ambacho hakiwezi kuja. Dawa yake ni kurebuti, au kama seva huwezi kuigusa, zifungue upya hivi ukiwa root:

```
echo 1 > /sys/kernel/debug/clear_warn_once
```

Kdump inatangulia, kila kitu kingine kinafuata

Mtego wa onyo bila kdump ni hasara tupu, mashine itasimama na hutapata chochote zaidi ya simu za wateja. Kdump ndiyo inayookoa ule ushahidi, na iko ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, sio kitu kigeni cha kuogopa. Inavyofanya kazi ni kwamba mashine ikiwaka inatenga kipande cha ramu pembeni, kerneli kuu haikigusi kabisa, halafu ndani yake inapakiwa kerneli ya pili ndogo inayokaa tu inasubiri. Kerneli kuu ikipaniki (yaani ikijisimamisha kwa kosa zito) inaruka moja kwa moja kwenda kwa yule wa pili bila kupitia BIOS, ndio maana ramu haifutiki, na yule wa pili anaiona kumbukumbu yote ya mwenzake kama faili moja linaitwa /proc/vmcore. Analisoma, programu ya makedumpfile inalipunguza na kulibana, anaandika kwenye diski, anarebuti mashine.

Kwa Ubuntu:

```
sudo apt install linux-crashdump
```

Debian ni kdump-tools pamoja na crash. Kwa wale wa AlmaLinux au Rocky toleo la 9:

```
sudo dnf install kexec-tools crash
sudo grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=512M"
sudo systemctl enable kdump
```

Halafu lazima urebuti, hapa hamna njia ya mkato, kwa sababu kile kipande cha ramu kinatengwa wakati wa kuwaka tu. Ikirudi hakikisha, usiamini tu kwamba pakeji imeingia basi:

```
grep -o 'crashkernel=[^ ]*' /proc/cmdline
cat /sys/kernel/kexec_crash_size
cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded
```

La pili lisiwe 0, la tatu lazima liwe 1. Kwenye Ubuntu piga pia kdump-config show, unataka kuona maneno "ready to kdump", na kwenye AlmaLinux ni kdumpctl status.

Ramu kiasi gani itengwe? Hiyo inategemea mashine na draiva zake. Seva nyingi za ofisi zetu hizi, gigi 8 mpaka 32, mi naweka 512M na naishi kwa amani. Ukiweka kidogo sana, yule wa pili anakosa pumzi katikati ya kuandika na unabaki na faili nusu. Hizo megabaiti zinatoka kwenye matumizi ya kawaida ya mashine moja kwa moja, kwa hiyo kwenye VPS ndogo ya gigi moja utaumia, hapo bora ujaribie tatizo kwenye mashine nyingine kubwa kidogo. Kwenye Ubuntu hiyo namba iko kwenye /etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg, ukibadilisha piga update-grub na urebuti.

Angalia pia nafasi ya /var/crash. Dampu haiwi kubwa kama ramu yote, maana makedumpfile kwa kawaida inaruka kurasa zenye sifuri, kashe, kurasa za programu za watumiaji na zile zilizo wazi, lakini seva yenye kazi nyingi kwenye kerneli bado inaweza kukuachia magigi. Kama diski ya ndani imebana, au hiyo diski ndiyo unayoishuku, dampu inaweza kutumwa kwenye mashine nyingine kwa SSH au NFS, mistari ya kufungua ipo kwenye /etc/default/kdump-tools kwa Ubuntu na /etc/kdump.conf kwa AlmaLinux.

Iangushe mwenyewe kwanza

Hii hatua watu wanairuka kwa woga na ndiyo isiyorukwa. Dampu ambayo hujawahi kuijaribu ihesabu kwamba hauna. Chagua muda ambao hamna mtu kazini, wajulishe wenye mfumo, simamisha database vizuri, kaa mbele ya skrini ya seva yenyewe au konsoli ya mbali, halafu:

```
sync
echo c | sudo tee /proc/sysrq-trigger
```

Mashine itapaniki hapohapo. Utaona inawaka upya haraka kuliko kawaida, hiyo ndiyo kerneli ya pili, utaona asilimia zinapanda wakati inaandika, kisha inarebuti kwa kweli. Ikirudi ingia /var/crash, kwenye Ubuntu utakuta folda yenye tarehe na ndani yake faili la dump na la dmesg, kwenye AlmaLinux ni vmcore na vmcore-dmesg.txt. Ukikuta jina lina neno incomplete, uandishi ulikatika njiani. Mara nyingi ni ramu ndogo ya crashkernel, mara nyingine draiva ya RAID haimo kwenye initrd (kifurushi cha draiva za kuwashia) ya kerneli ya pili, na mara nyingine, jamani kwa huku kwetu hili lisemwe wazi, ni umeme. UPS inayobeba seva dakika mbili haitoshi, kuandika dampu na kurebuti vinaweza kuchukua zaidi ya hapo, hasa kwenye diski za kuzunguka. Kama seva yako ina wochidogi ya hadwea (saa inayoiresti mashine ikinyamaza) nayo iangalie, inaweza kudhani mashine imekufa ikairesti wakati kerneli ya pili iko katikati ya kazi.

Jaribio hili lirudie kila kerneli ikiapdetiwa toleo kubwa.

Sasa mtego wenyewe

Ni mstari huu:

```
sudo sysctl -w kernel.panic_on_warn=1
```

Basi. Kuanzia hapo WARN yoyote inageuka paniki, na paniki inaita kdump. Setingi hii iliingia kwenye Linux 3.19 ya mwaka 2015, kwa hiyo hata kile kiseva cha zamani mlichonacho stoo kinaijua. Ukitaka kujaribu kwa siku mbili tatu mstari huo unatosha na ukirebuti unapotea wenyewe.

Kuifanya idumu ndiyo kuna mtihani. Kuna mdogo wangu mmoja anashika seva za shule kule Moshi alinipigia akauliza, kaka, si naweka tu panic_on_warn=1 kwenye GRUB (programu inayowasha kerneli) nimalize? Nikamwambia mdogo wangu usifanye hivyo kwenye seva iliyo mbali na wewe, na nataka sababu ikae vizuri kichwani kwako wewe msomaji pia. Ukiiweka kwenye GRUB mtego unawaka sekunde ya kwanza ya kuwaka kwa mashine, wakati kdump inapakiwa baadaye sana, mpaka sevisi zake zianze. Sasa draiva moja ikitoa onyo wakati wa kuwaka, na draiva za kadi za video na hadwea mpya zinalo sana hilo, mashine inapaniki kabla mwokozi hajafika. Dampu hupati, na kama umeseti ijirebuti basi inaingia kwenye mduara, inawaka inaanguka inawaka inaanguka, na wewe uko Arusha seva iko Moshi, umbali wa kilomita kama 80, utapanda gari. Kuiweka kwenye /etc/sysctl.d nako hakusaidii sana, maana systemd inayasoma hayo mafaili mapema kabla ya kdump kuwa tayari.

Kanuni ni kwamba mtego uwake baada ya kdump kupakiwa, sio kabla. Ubuntu na Debian wameshakuwekea mahali pake hasa, fungua /etc/default/kdump-tools na uweke:

```
KDUMP_SYSCTL="kernel.panic_on_oops=1 kernel.panic_on_warn=1"
```

Hizo setingi zinatumika pale kdump-tools inapopakia kerneli ya pili. Nimeiacha na panic_on_oops kwa sababu ndiyo chaguo lake la mwanzo, ukiandika mpya bila hiyo utakuwa umeiondoa, na oops ni kosa zito kuliko onyo, hutaki kuikosa. Kisha:

```
sudo kdump-config unload
sudo kdump-config load
sysctl kernel.panic_on_warn
```

Kwenye AlmaLinux na Rocky tengeneza yuniti ndogo, tuseme /etc/systemd/system/mtego-onyo.service:

```
[Unit]
Description=Washa panic_on_warn baada ya kdump
After=kdump.service

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/bin/sh -c 'grep -q 1 /sys/kernel/kexec_crash_loaded && sysctl -w kernel.panic_on_warn=1'

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Unaona hiyo grep, inaangalia kama kerneli ya pili ipo kweli, isipokuwepo mtego hauwaki na yuniti inaonyesha imefeli, utaiona kwenye systemctl status. Mi naipenda hii kuliko kitu kingine chote kwenye mpangilio huu, inakulinda hata siku apdeti imevuruga kdump bila wewe kujua.

Ongeza na kernel.panic=30 kwenye sysctl. Kdump ikiwa nzima hiyo haitumiki, lakini ikifeli kuruka, mashine itajirebuti baada ya sekunde 30 badala ya kusimama milele na skrini imeganda, ambayo ndiyo tabia yake ikiwa 0. GRUB inafaa pale tu onyo lenyewe linatoka mapema wakati wa kuwaka na umekaa mbele ya mashine, na hapo usitegemee kdump, tumia waya wa siriali usome maandishi yakipita.

Tengeneza onyo lako ujaribu

Jaribio la sysrq limethibitisha kdump tu, halijathibitisha njia ya onyo. Njia safi ni moduli ndogo ya kwako, iite onyo.c:

```
#include <linux/module.h>

static int __init onyo_init(void)
{
        WARN(1, "jaribio la onyo kutoka Arusha\n");
        return 0;
}

static void __exit onyo_exit(void)
{
}

module_init(onyo_init);
module_exit(onyo_exit);
MODULE_LICENSE("GPL");
```

Kwenye folda hiyohiyo weka Makefile yenye mstari mmoja tu, obj-m := onyo.o, halafu:

```
sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules
sync
sudo insmod onyo.ko
```

Fanya hivi kwenye mashine pepe ya majaribio kwanza, wale vijana wa Chuo cha Ufundi na Tengeru mnaosoma hii hata laptopu yenye KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe) inawatosha kabisa kujifunza mwanzo mpaka mwisho bila kuomba ruhusa ya mtu. Kama Secure Boot imewashwa insmod itakataa moduli isiyosainiwa, saini au zima Secure Boot kwenye hiyo mashine ya majaribio. Ikikubali utaona kwenye konsoli ujumbe wako, kisha mstari wa "Kernel panic - not syncing" wenye maneno panic_on_warn set, kisha kdump inachukua usukani.

Kuisoma

Faili la dmesg peke yake linajibu maswali mengi, anza nalo, usikimbilie vitu vizito. Soma onyo la kwanza kabisa, faili na namba ya mstari viko hapohapo kwenye maandishi.

Kwa undani unahitaji programu ya crash na vmlinux (faili la kerneli yenyewe) yenye simboli za debagi, yaani majina ya fankisheni na mistari ya kodi, ya toleo lilelile hasa lililoanguka, tofauti ya namba moja tu inaharibu. AlmaLinux ni dnf debuginfo-install kernel. Ubuntu inabidi uongeze hazina ya ddebs.ubuntu.com na ufunguo wake ulio kwenye pakeji ya ubuntu-dbgsym-keyring, kisha usakinishe linux-image-$(uname -r)-dbgsym. Pakeji hizi ni nzito, jiandae kwa gigi na zaidi, kwa hiyo kama unaishi kwa bando, ziweke kwenye seva yenyewe au mashine iliyo jirani nayo, ingia kwa SSH, chambua ukiwa hukohuko, kuliko kushusha simboli na dampu nyumbani.

```
sudo crash /usr/lib/debug/boot/vmlinux-$(uname -r) /var/crash/202504121930/dump.202504121930
```

Ndani piga bt. Utaona steki, na kwenye x86 inachanganya mara ya kwanza: juu kuna machine_kexec, __crash_kexec na panic, chini yake __warn na report_bug, halafu exc_invalid_op. Hiyo invalid_op isikushtue, sio prosesa iliyoharibika, WARN kwenye x86 inatekelezwa kwa kupiga maagizo ya ud2 makusudi ili prosesa iingie kwenye mtego, ndivyo ilivyotengenezwa. Mhusika wako ni fremu inayofuata chini ya asm_exc_invalid_op, kwenye jaribio letu ni onyo_init, na chini yake unaona nani alimwita, do_one_initcall na wenzake.

Kutoka hapo ndipo utamu wa dampu unapoanza, kwa sababu sasa una mashine nzima imesimama mbele yako. Piga log upate maandishi yote ya kerneli, bt -a uone kila kori ilikuwa inafanya nini sekunde ile, foreach UN bt uone kazi zote zilizokwama zikisubiri diski au kufuli, kmem -i uone ramu ilivyokuwa. Kama onyo liko ndani ya moduli pakia simboli zake kwa mod -s, halafu bt -l ikupe namba za mistari ya kodi, na kwa struct unafungua yale maumbo ya data uone thamani iliyofanya sharti la WARN liwe kweli. Hiyo thamani ndiyo logi isingekupa kamwe, na mara nyingi kwenye bt -a utakuta kori nyingine iko kwenye kodi ya kitu hichohicho kwa wakati uleule, hapo unaanza kushuku mbio za kufuli (kori mbili kugombania data moja) kuliko hadwea.

Vinavyopita nje ya mtego

Kuna dalili mbaya ambazo sio WARN na panic_on_warn haizioni. Ule ujumbe wa kazi iliyozuiwa zaidi ya sekunde 120, ambao kwenye seva zenye diski zinazochoka tunaukuta sana, unahitaji kernel.hung_task_panic=1. Prosesa iliyokwama kwenye kerneli inahitaji kernel.softlockup_panic=1, na ikikwama mpaka haipokei intarapti ni kernel.hardlockup_panic=1. Ziongeze kwenye mstari uleule wa KDUMP_SYSCTL, lakini moja moja kwa kadiri ya tatizo unalolifuata, usiziwashe zote kwa pamoja maana utapata dampu za vitu ambavyo hukuvitafuta na kazi ya watu inasimama bure. Hung task hasa, diski tu ikiwa taratibu wakati wa bakapu inaweza kuiamsha.

Kuanzia Linux 6.2 kuna pia kernel.warn_limit, unaipa namba na kerneli inapaniki maonyo yakifika idadi hiyo. Ukiweka 1 ni sawasawa na panic_on_warn, ukiweka 0 imezimwa. Inafaa pale unapojua kuna onyo moja lisilo na madhara linalotoka kila mashine ikiwaka na hutaki likuangushe.

Wapi usiweke na lini usiweke

Laptopu yako ya kila siku hapana, draiva za video zitakusumbua. Seva ya watu wengi ambapo mtu asiye root anaendesha kodi yake, fikiria mara mbili, kwa sababu akigundua njia ya kuamsha WARN moja tu anaiangusha seva nzima kila anapotaka.

Kwa kampuni za utalii huku kwetu mi nasema wazi, Julai mpaka Oktoba usifanye majaribio haya kwenye seva ya bukingi, msimu umechanganya na kila saa ya seva kulala ni wageni wanaokwenda kwa wengine. Fanya kipindi cha masika, Aprili na Mei, wageni wamepungua na mwenye kampuni atakuelewa ukimwambia, mzee, tunataka seva iwe na uwezo wa kutuambia kwa nini inaganda, kwa hiyo usiku wa leo nitaiangusha makusudi nikiwa nimekaa hapahapa. Kama tatizo linatokea msimu wa juu tu kwa sababu ya mzigo, weka seva ya pili ibebe kazi, ndio uwashe mtego kwenye ya kwanza. Au kama iko kwenye KVM, virsh dump --memory-only inakupa picha ya ramu bila kuua mashine, ila ni picha ya wakati ulioipiga wewe, sio ya sekunde ya onyo.

Na lile faili la dampu lichukulie kama siri. Hata baada ya makedumpfile kuruka kurasa za programu, ndani ya kumbukumbu ya kerneli kunabaki vipande vya data ya mtandao, majina ya mafaili, pengine funguo. Seva ya hoteli ina pasipoti za watu, seva ya hospitali ndiyo usiseme. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo usilitume dampu kwenye grupu la WhatsApp wala kulipandisha mahali pa wazi ili usaidiwe. Folda ya /var/crash iwe ya root peke yake, na ukimaliza futa. Kwenye /etc/default/kdump-tools kuna KDUMP_NUM_DUMPS ya kuweka kikomo cha dampu zinazobaki, iweke, onyo likijirudia kila baada ya saa chache diski isijae ukiwa umelala.

Mtu wa nje akihitaji kusaidia, mpe maandishi ya onyo na matokeo ya bt, hayo yanatosha karibu kila mara. Ukitaka kuripoti kwa waandishi wa kerneli wenyewe, chukua onyo la kwanza na sio la pili au la tatu, lipitishe kwenye scripts/decode_stacktrace.sh iliyo ndani ya sosi ya kerneli pamoja na vmlinux yako ili fankisheni zigeuke kuwa mafaili na mistari, kisha scripts/get_maintainer.pl itakuambia ni nani anashika sehemu hiyo. Kabla ya kutuma jaribu kulizalisha tatizo bila moduli za makampuni zisizo na sosi wazi, maana herufi P (moduli isiyo na sosi wazi) au O (moduli iliyojengwa nje ya kerneli) ikiwemo kwenye doa la kerneli swali la kwanza utakaloulizwa ni hilo. Ripoti za maonyo zinapokelewa kwa uzito, mashine nyingi duniani zinaendeshwa na panic_on_warn ikiwa imewashwa, kwa hiyo onyo ambalo mtumiaji wa kawaida anaweza kuliamsha linahesabiwa kuwa tatizo la usalama.

Ukishapata jibu lako toa panic_on_warn kwenye KDUMP_SYSCTL, au zima yuniti, na upige sysctl -w kernel.panic_on_warn=0. Kdump yenyewe iache iendelee kukaa.